Kaseti ya Kumi na Mbili

Majengo, Dodoma
4 Februari 2024

Mzee Sila Ndahani,

Shikamoo. Naamini Mchungaji Ulimboka ameifikisha barua hii mkononi mwako kama alivyoniahidi. Aliniambia kwamba simu hutumii tena kwa sababu masikio yamechoka, lakini macho bado yanasoma hata maandishi madogo. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni Salha, binti wa Mbaruku Jamaldini, aliyekuwa akipiga ngoma katika bendi ya Kiangazi. Mdogo wako, marehemu Daudi, ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la umeme na kuimba. Huenda baba yangu uliwahi kumwona: mfupi, mwenye jino moja la dhahabu, hawezi kukaa kimya.

Siku hizi nauza nafaka hapa Majengo. Baba alipokuwa mgonjwa, miaka mitano iliyopita, aliomba asikie Kiangazi japo mara moja. Nilizunguka mji mzima. Bendi ile haikuwahi kutoa santuri wala kaseti ya kuuzwa. Muziki wao wa roki ulisikika redioni tu, na mwishoni mara moja katika televisheni. Baba alifariki bila kusikia kitu. Tangu siku hiyo nakusanya. Nimepata maonyesho kumi na moja mpaka sasa, mengi kutoka kwa watu waliokuwa wakinasa redio nyumbani kwao. La Kondoa lina mbuzi analia katikati ya wimbo wa pili. Yote nayaweka dukani, juu ya magunia ya choroko, kwa sababu pale ni pakavu.

Ruthu, binti wa marehemu, huja kusikiliza. Anaishi Area D. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipofariki, na shida yake ni moja: katika hayo kumi na moja Daudi anaimba, hasemi. Ruthu anasema sauti ya baba yake ya kuimba anayo, ile ya kuongea imempotea. Hataki kingine.

Kama kwako kuna kaseti yoyote, hata iliyokatika, naomba. Nilimwuliza Ruthu kama ana salamu za kukuletea. Alisema hana.

Wako mtiifu,
Salha Mbaruku

*

Zuzu
19 Februari 2024

Binti Mbaruku,

Marahaba. Barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kuchukua kalamu, kwa kuwa jina la mdogo wangu halijaandikwa na mtu kwenye karatasi iletwayo nyumbani humu kwa miaka mingi.

Baba yako namkumbuka. Alikuja mwaka 1974 kumchukua Daudi na gari lililojaa vyombo, akanisalimu kwa adabu, akanitania kwamba angeniachia ngoma moja niitumie kuwaita watu ibadani. Sikucheka. Nilikuwa katekista kijana, na niliona wazi kwamba gari lile lilikuwa likimchukua mtoto wa mama yangu lisimrudishe.

Inafaa ujue, kwa kuwa wewe si wa imani yetu, jinsi mambo yalivyokwenda. Daudi alibatizwa na kuwekewa mikono na askofu kama sisi sote. Baadaye akapiga gitaa katika mabaa, akaishi na mama yake Ruthu bila ndoa, na mwaka 1989 Kanisa likamtenga. Mimi ndiye niliyesoma jina lake mbele ya watu. Aliyetengwa, kwetu, hurudi kwa njia moja: husimama mwenyewe mbele ya kusanyiko, akatamka toba yake kwa kinywa chake. Hilo halifanywi kwa barua wala kwa mjumbe. Nilimweleza Daudi kwa maneno haya haya: sauti yako lazima isikike. Hakuja.

Mlangoni mwa kanisa letu kinaning'inia kipande cha reli. Mkristo akifariki tunakigonga, pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake, na walioko mashambani huhesabu wakajua nani ameondoka. Daudi alipofariki, Agosti 1998, akiwa na miaka arobaini na saba, reli haikugongwa. Nilimzika bila joho na bila ibada, kama taratibu zilivyotaka. Mchungaji wa wakati huo alikuwa na makanisa tisa. Uamuzi ulikuwa wangu.

Kaseti sina. Zilizokuwamo nyumbani zilitumika kwa kazi ya Bwana.

Ruthu hajapiga hodi kwangu tangu siku ya maziko. Sikumfukuza.

Sila Ndahani

*

Majengo, Dodoma
3 Machi 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Nakushukuru kwa kunijibu kirefu kiasi kile. Nilimsomea Ruthu sehemu inayohusu gari na ngoma. Nyingine sikumsomea.

Nina habari. Nimepata kipande cha televisheni, cha mwaka 1996, kwa mpiga picha mstaafu aliyekihifadhi kabatini pamoja na picha za harusi za watu. Kwa kuwa ni mkanda wa video, sijakihesabu pamoja na yale maonyesho kumi na moja ya kaseti. Picha inakatwa na mistari kama mvua, lakini Daudi anaonekana. Amekaa kwenye kigoda. Viatu vimeng'arishwa sana na suruali imempwaya. Kati ya wimbo na wimbo anageuza uso akakohoa, kisha anatabasamu kama aliyeomba radhi. Haongei. Anayeongea ni baba yangu, na kwa kweli anaongea mno.

Halafu nikaenda Kizota kwa Bi. Joha, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha "Magitaa ya Jumamosi". Amezeeka, ulimi haujazeeka. Alinipokea kwa kusema, "Muuza choroko, umeishiwa na walio hai?" Tulipokunywa chai akatulia. Anakumbuka kwamba Daudi alikwenda studio mara ya mwisho Mei 1998, akishikwa mkono na baba yangu, na kwamba siku hiyo hakuingia kupiga muziki. Alinasa kaseti ya nusu saa, upande mmoja. Nakala ya studio iliharibika paa lilipovuja. Nakala ya pili aliituma Zuzu, kwako, ndani ya jaladi la kipindi kwa sababu hakukuwa na jaladi jingine.

Mzee wangu, uliandika kwamba kaseti zilitumika kwa kazi ya Bwana. Mimi hushika gunia nikajua lilibeba nini kabla ya mahindi. Kaseti hiyo ilifika?

Salha

*

Zuzu
12 Machi 2024

Binti Mbaruku,

Ilifika. Jaladi lilisema magitaa, nami niliamini jaladi. Ilikuwa kaseti ya muziki, na niliitumia kunasia mafundisho ya kipaimara.

Nakuomba usiniandikie tena juu ya jambo hili.

S. Ndahani

*

Majengo, Dodoma
1 Aprili 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kumi na tano. Niko katika mfungo, na nilitamani mwezi huu unipite bila kumwumiza mtu. Shemeji yangu ameniambia nimwache mzee wa watu apumzike. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimekuficha jambo ambalo ni lako kuliko langu.

Nilirudi kwa Bi. Joha nikamwuliza Daudi alisema nini siku ile. Alikataa kwanza. Akasema, "Hayo hayakuwa ya wasikilizaji. Yalikuwa ya kanisa lao." Hatimaye akanieleza.

Ilikuwa toba. Hospitali ilikuwa imeshamwambia Daudi kwamba mapafu yake hayatamfikisha Krismasi, na hakuweza kusafiri wala kusimama. Alimwambia Bi. Joha kwamba kaka yake amesema sauti lazima isikike, basi ataituma sauti. Alisema majina, miaka na makosa yake, akalia mara mbili, wakasimamisha mtambo, wakaendelea. Baba yangu alingoja nje mlangoni mpaka walipomwita mwishoni. Kaseti ile ilikuwa ya kuchezwa mbele ya kusanyiko lenu.

Baba hakuwahi kunisimulia. Sasa naelewa kwa nini, akiwa kitandani, Kurani peke yake haikumtosha, akaomba na Kiangazi: alitaka kumsikia tena rafiki aliyemsindikiza siku ile.

Ruthu hajui. Sitamwambia kabla yako.

Ombi langu ni hili. Kama kaseti bado ipo, usiitupe. Somo la kipaimara likiwa fupi kuliko nusu saa, kilichokuwa mwishoni hakikufutwa. Kitakuwa pale pale.

Salha

*

Zuzu
28 Aprili 2024

Salha, mwanangu,

Mchungaji Ulimboka anakuletea pamoja na barua hii kopo la maziwa ya unga, na ndani yake kaseti. Ishike kwa uangalifu. Utepe umelegea na nimeukaza kwa kalamu.

Sasa sikiliza, maana nimeyaficha haya kwa miaka ishirini na sita, na katika barua zangu kwako nimeyaficha mara mbili.

Bahasha ililetwa na kondakta wa basi siku ya Alhamisi. Niliifungua jikoni, nikatoa kaseti, na bahasha nikawashia moto. Kama ndani yake kulikuwa na karatasi ya maelezo sijui, kwa kuwa sikutazama. Nilijua mwandiko wa anwani. Niliukasirikia mwandiko ule kabla sijafungua.

Tulikuwa na watoto thelathini na wanne wa kuwekewa mikono, askofu alitazamiwa Juni, nami nilikuwa na vijiji vitatu vya kufundisha. Nilinasa masomo ili yachezwe pale nisipoweza kufika. Kaseti zilikuwa adimu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza siku zote, na yote hayo ni kweli.

Lakini kuna hili. Nyuma ya kaseti huwa kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, huwezi tena kunasa kitu kingine juu ya kaseti hiyo. Ndiyo alama ya mtu anayesema, msifute. Kaseti za Daudi za zamani, zile za muziki alizomletea mama, zilikuwa na vijino vyake. Vya hii vilikuwa vimevunjwa. Nilibonyeza kitufe kikakataa. Nikageuza kaseti, nikaona mahali palipovunjwa, nikaelewa kwamba aliyeituma hataki ifutwe. Nikachana kipande cha karatasi, nikatafuna, nikaziba matundu mawili, nikabonyeza tena.

Sikuisikiliza hata sekunde moja kabla ya kufanya hivyo. Wiki kumi na moja baadaye nikamzika kama nilivyokuambia.

Nilianza kushuku mwaka uliofuata, baba yako alipokuja. Alisimama pale uani akaniuliza, "Kusanyiko lilisemaje?" Nikamjibu kwamba kusanyiko halikuambiwa kitu. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kunywa maji. Tangu siku hiyo kaseti iko ndani ya kopo. Sikuthubutu kuicheza hadi mwisho wakati nilipoweza kusikia. Kila mwaka nilijiambia, baada ya mavuno. Mwaka 2019 masikio yakafunga. Mke wangu Emiliana angeweza kunisikilizia, lakini ningelazimika kumwambia ni nini anachosikiliza. Naye sasa yuko upande wa pili pamoja na Daudi, na bila shaka ameambiwa.

Kwa hiyo wewe, mtoto wa mwenzake, ndiwe utakayenisikilizia. Andika kila kitu. Usipunguze neno kwa ajili ya umri wangu.

Sila Ndahani

*

Majengo, Dodoma
6 Mei 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Nilimwita Bi. Joha tusikilize pamoja, nikafunga mlango wa duka mchana. Naandika kama ulivyoagiza.

Dakika ishirini na sita na nusu ni wewe. Unauliza maswali juu ya ahadi za ubatizo na watoto wanajibu kwa pamoja. Jogoo anawika. Mahali fulani unasema, "Devota, acha kucheka, nenda kakae mbele," na Devota anacheka zaidi. Sauti yako ilikuwa ya nguvu sana. Halafu unasema, "Inatosha kwa leo," na kinasikika kitufe.

Kisha kuna ukimya wa pumzi moja, kisha kiti kinalia, na mtu anakohoa. Anasema hivi:

"...mengine yote nimeyasema hapo juu, nimeyasema mwenyewe, hakuna aliyenishurutisha. Kaka Sila, ulisema sauti lazima isikike. Basi hii nimeileta. Waeleze wazee kwamba ningeweza kutembea ningekuja. Msininyime mahali. Mkishanisikia, na siku yangu ikifika, nigongeeni reli. Ruthu asikie inahesabiwa. Atauliza, ana maswali yule mtoto. Mwambieni ni ya baba."

Halafu anasema kwa sauti ya chini, "Mbaruku, nipe hilo gitaa," na baba yangu anajibu, "Polepole, bwana." Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia baba tangu afariki. Sikuitazamia.

Anapiga gitaa bila umeme. Bi. Joha anasema ni wimbo wa ibada wa Kigogo. Anapiga ubeti mmoja na nusu, utepe unaisha. Jumla dakika tatu na sekunde ishirini. Aliyoyaungama hayapo, mzee. Nimejaribu kwa fundi, naye amesema kilichofutwa hakirudi.

Ruthu alikuja jioni ile ile. Alikuwa amepita mchana akaona mlango umefungwa, akajua kuna jambo. Sikuweza kumdanganya. Amesikiliza mara nne, akaomba karatasi. Nimeiweka humu bila kuisoma.

Salha

*

Majengo
6 Mei 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Siku ya maziko nilimshika mama kanga nikamwuliza, mbona reli haigongwi? Mama alisema kamba imekatika. Niliamini mpaka nilipokuwa darasa la saba.

Sauti ya baba nimeipata, dakika moja na kidogo. Nusu saa nzima alikuwa akiongea. Ningeweza kujua alikuwa mtu gani.

Usigonge reli ili ulale vizuri. Baba alisema makosa yake yote, na watu waliotakiwa kuyasikia hawakuyasikia. Wewe bado una watu. Simama mbele yao useme yako, kwa kinywa chako, kama ulivyomtaka yeye. Kisha ugonge.

Mimi sitakuja.

Ruthu Daudi

*

Zuzu
1 Julai 2024

Salha, mwanangu,

Jana, Jumapili, nilifanya kama nilivyoamriwa na mtoto wa ndugu yangu. Nakuandikia ili uyaweke pamoja na kaseti.

Mchungaji Ulimboka hakupenda. Ni kijana mwema na ananihurumia. Aliniandikia kwenye daftari lake, "Mzee, yaandike, nitayasoma mimi kwa niaba yako." Nikamjibu kwamba kwa niaba hatuna. Akaandika tena, "Umelitumikia Kanisa miaka hamsini." Nikamwambia hiyo ndiyo sababu.

Nilisimama mahali wanaposimama watengwa, chini, kushoto kwa meza, pale nilipowasimamisha wengi. Sijui nilisema kwa sauti kubwa au ndogo. Sina tena kipimo. Nilisema juu ya bahasha na moto. Nilisema juu ya vijino viwili na karatasi niliyoitafuna. Nilisema kwamba ndugu yangu aliungama, mimi nikamfuta, kisha nikamhukumu kwa kutokuungama. Wapo waliolia na wapo waliotazama saa zao. Bibi Frida, ambaye ana miaka yangu, aliinuka akasema neno, na watu wakageuka kumtazama. Mchungaji aliniandikia alichosema: "Siku ile sote tulikuwa makaburini, na hakuna aliyemwuliza Sila kwa nini. Asisimame pale peke yake." Lakini hakuna aliyekuja kusimama nami, wala yeye, maana miguu yake haiwezi.

Kisha wakacheza kaseti katika spika ya kwaya, ile nakala uliyomtumia mchungaji. Niliwaomba wasiruke somo langu. Niliweka kiganja juu ya spika. Sikusikia ila mtetemo, kama wa ng'ombe anayepumua. Basi nikamtazama Devota, yule yule aliyekuwa akicheka. Sasa ni mama wa watoto watano na ndiye mwalimu wa kwaya. Alipojisikia mtoto alitabasamu akafunika mdomo. Baada ya muda mrefu mkono ulishuka kutoka mdomoni na uso wake ukabadilika. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mimi nimekwisha na Daudi ameanza.

Ruthu hakuja. Nilikuwa nimewekewa kiti na nikawa nimeomba kingine kando yangu. Kilikaa kitupu mpaka mwisho.

Nilitoka mlangoni nikachukua nyundo. Nilihesabu kwa midomo. Mikono yangu si ya kazi ile tena, na kuanzia pigo la thelathini nilishika nyundo kwa mikono miwili. Yalipotimia arobaini na saba sikuacha, kwa sababu sikusikia hata moja na sikuweza kuamini kwamba yalikuwa yamelia. Mchungaji alinishika kifundo cha mkono akanitoa nyundo vidoleni. Ameniandikia kwamba nilikuwa nimefika hamsini na mbili. Wazee wameamua mapigo matano ya ziada yasihesabiwe.

Jina la Daudi limerudishwa kitabuni. Nimeliandika mwenyewe, na mbele yake nimeandika sababu ya kuchelewa.

Uliniuliza kupitia kwa mchungaji kaseti hii uiandikeje katika mkusanyo wako, na kama upande wangu ukatwe ili abaki Daudi peke yake. Usiukate. Atakayekuja kutafuta Kiangazi baada yetu na asikie kilichotendeka. Iandike namba kumi na mbili. Dakika ishirini na sita na nusu: Sila Ndahani, akifuta. Dakika tatu na sekunde ishirini: Daudi Ndahani.

Mwambie Ruthu kwamba reli imegongwa. Nimeambiwa na waliokuwapo kwamba ilisikika mpaka ng'ambo ya stesheni. Mimi sikuisikia.

Sila Ndahani